Ngitili: Bustani ya Wasukuma Isiyo na Ukuta

Itajwapo bustani ya mimea, wengi hufikiri mahali kama pale Dar es Salaam, ambapo Wajerumani, chini ya uongozi wa Franz Stuhlmann, walianza mwaka 1893 kuotesha miti ya nchi za mbali ili wajue ni ipi itakayostawi na kuleta faida. Lakini Usukumani, ambamo Nkololo ya wilaya ya Bariadi imo, iko bustani ya namna nyingine, ya kale kuliko ile, ambayo haikupandwa na mtu wala haina ukuta. Wenyeji huiita ngitili.

Ngitili ni kipande cha ardhi kilichofungwa kwa neno tu. Mvua zianzapo mifugo huondolewa humo, nyasi zikapata kurefuka na visiki vya migunga kuchipua tena. Kiangazi kikishakuwa kikali, yapata mwezi wa Julai au Agosti, hufunguliwa, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, na maksai wa kulimia, yaani wale wasioweza kupelekwa malisho ya mbali. Humo pia wanawake hupata kuni na mboga za pori, wajenzi huchukua fito na nyasi za kuezekea, na waganga huchimba mizizi ya dawa za watu na za mifugo. Kwa hiyo mahali pale ni ghala, duka la dawa na shule kwa pamoja, kwa maana mtoto mchungaji hujifunza majina ya mimea kwa kuitumia.

Basi kilichoilinda bustani hii ni nini, ikiwa ukuta haupo? Ni watu kukubaliana. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alishitakiwa mbele ya jirani zake katika dagashida, baraza la wenyeji, akatozwa faini. Neno la baraza lilikuwa na nguvu kwa sababu waliolitoa ndio waliokula hasara lilipovunjwa.

Nguvu hiyo ilitikiswa mara kadhaa katika karne ya 20. Wakati wa utawala wa Waingereza, vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kazi ambayo C. F. M. Swynnerton aliisimamia kwa miaka mingi. Nchi ikapata nafasi ya watu na ng'ombe, lakini ikapoteza miti. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ukahimiza kilimo cha pamba, na mashamba yakazidi kuyala malisho. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria. Kisha, katika miaka ya 1970, watu walihamishiwa vijijini. Wengi waliziacha ngitili zao nyuma, na kisichokuwa na mwenyewe hakina mlinzi. Miti ikakatwa, udongo ukachukuliwa na maji.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Bariadi wakati huo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Mwanzoni maofisa walitilia mkazo miche ya vitaluni, lakini wakaja kutambua kwamba wenyeji walikwisha kuwa na elimu yao, na kwamba nchi ikipumzishwa huota yenyewe. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa karne ya 21 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Dagashida na walinzi wa sungusungu, pamoja na serikali za vijiji, ndio waliozilinda.

Hata hivyo, habari hii isisomwe kama hadithi ya ushindi mtupu. Ngitili nyingi ni za kaya moja moja, na chache ni za kijiji au za shule. Mwenye ardhi kubwa hufunga eneo kubwa, naye kiangazi huweza kuuza haki ya kulisha. Asiye na ardhi huona malisho yaliyokuwa wazi yakipungua mwaka hata mwaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa njia ya kuandikisha haki hizo, lakini kuandikisha ni jambo moja, na kugawana ni jingine. Uzio wa maneno hudumu maadamu kila anayeambiwa akae nje anajua kwamba siku ya kufungua, yeye naye ataingia. Siku atakapojua kwamba hataingia kamwe, hatakuwa na sababu ya kuliheshimu neno lile, na miti iliyorudi kwa miaka mingi itaweza kuanguka kwa msimu mmoja. Kwa hiyo swali lililo mbele ya mabaraza ya Usukuma si la miti tu: ni nani anayeitwa jirani wakati nyasi zinapokuwa chache.