Kabali ya Mvuke, Si Kufuli

Nimeletewa rasimu ya orodha ya istilahi za ufundi magari, na kurasa zake nyingi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko pale inapotajwa hali ya gari linalozimwa likiwa la moto, kisha likagoma kuwaka kwa sababu petroli imegeuka mvuke njiani. Kamati imeiita hali hiyo "kufuli la mvuke". Wametazama neno la Kiingereza, wakatafuta mwenzake kwenye kamusi, wakaandika. Boneti hawakuifungua.

Tulipime neno lenyewe. Kufuli limetoka kwenye qufl ya Kiarabu, nasi tukaliongezea irabu ili ulimi upate kupumzika. Kwetu ni chuma cha mlangoni au cha sanduku: mtu hukifunga kwa makusudi, na aliyekifunga ana ufunguo. Sasa kwenye bomba la petroli, nani amefunga? Ufunguo uko wapi? Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi, ilhali maji ya injini hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Ukizima gari, feni na maji husimama, na joto la chuma huhamia kwenye bomba na pampu. Pampu ikivuta, mvuke unabonyea tu na kutanuka, kabureta inabaki kavu. Joto likishuka, mvuke hurudi kuwa petroli na gari huwaka, wala hakuna aliyefungua kitu. Kufuli la namna hiyo sijaliona duniani.

Yuko pia mwandishi mmoja anayepigia debe "kizibo cha mvuke". Kizibo ni cha chupa na mtungi, kitu kigumu kinachoshindiliwa kwa mkono na kung'olewa kwa mkono. Kinaleta kosa lile lile kwa sauti laini zaidi, na nashangaa mtu wa elimu yake analitetea kwa ukali kiasi hicho.

Neno langu ni kabali. Kukaba ni kubana koo mpaka kinachopaswa kupita kisipite, na kumpiga mtu kabali ni kumbana shingo kwa mkono. Msomaji asichanganye na kabari, yenye r, ambayo ni ya kupasulia kuni. Ile ingeturudisha kwenye kizibo. Ubora wa kabali ni kwamba huachia. Mkono ukilegea, pumzi hurudi, na koo ni lile lile, halikuharibika. Ndivyo bomba lilivyo. Tena kabali ina kitenzi kando yake: petroli imekabwa, pampu inakabwa, bomba hili hukabwa upesi. Kutoka kwenye kufuli utapata kitenzi gani?

Wala sikulitunga mezani. Miaka ile nilikuwa na pikapu ya kabureta. Siku moja nilipandisha nayo kutoka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hadi Mbinga, nikasimama kunywa chai. Niliporudi, stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Baadaye nilimsimulia fundi wangu wa Lizaboni, hapa Songea, naye hakuinua hata kichwa: "Mwalimu, hiyo ilikabwa tu. Ungeiacha ipumue." Maneno mawili, hali yote imeelezwa. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, kwa hiyo petroli huchemka mapema zaidi. Mafundi wa nyanda hizi wameijua kabali kabla kamati haijaketi.

Na istilahi ni nini? Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa suluhu na maslahi. Istilahi ni neno ambalo watu wamepatana juu yake. Kamati imepatana na nani, kama fundi hakuulizwa?

Kuhusu matumizi, niseme kwa ufupi: stata ikizunguka na plagi zikatoa moto lakini petroli haifiki, hiyo ni kabali, pooza pampu kwa kitambaa kilicholowa maji. Moto usipoonekana, shuku koili au sensa ya krenki. Stata ikigonga tu bila kuzunguka, shuku stata yenyewe au betri. Magari ya nozeli yenye pampu ndani ya tanki hayakabwi kwa urahisi, kwa sababu petroli yao husukumwa kwa kanieneo kubwa tangu nyuma. Kwa hiyo si kila gari linalogoma likiwa la moto limepigwa kabali.

Rasimu bado haijapigwa chapa. Naiomba kamati ifute kufuli kwenye ukurasa ule, iandike kabali ya mvuke, na kama inanitilia shaka, ipite gereji yoyote ya Lizaboni iulize.