Panya wa Yale na arosto ya mtaani kwetu

Najua nimepotea. Wiki mbili nzima ni testi juu ya testi, na bum lenyewe limekata, kwa hiyo nashinda maktaba ambako hakuna wa kunidai. Leo nilikuwa nasoma mambo ya neva, nikakutana na panya wa mwaka 1978. Nikafunga kitabu, nikakifungua tena.

Mtaani kwetu kulikuwa na kaka mmoja, fundi redio. Alipoanza unga kete moja ilimtosha. Baadaye zikawa tatu, na wala hazikumpa raha tena, alikuwa anavuta ili asiumwe tu. Akikosa, arosto: jasho, miayo, makamasi, tumbo linamkata, vinyweleo vimesimama. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

Sasa kumbe arosto ina makao. Kwenye shina la ubongo kuna kidoa kidogo cha bluu, lokasi seruliasi, kinachosambaza noradrenalini, ile kemikali ya kushtuka. Heroini ikiingia mwilini inageuka mofini, na mofini inakinyamazisha kile kidoa. Kikinyamazishwa kila siku, seli zake zinazoea, zinarudi kazini japo dawa imo. Dawa ikikatwa ghafla, zinachachamaa.

George Aghajanian, wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alirekodi umeme wa seli hizo kwenye panya waliozoeshwa mofini. Akiwapa naloksoni, inayoizuia mofini isifanye kazi, seli zinachachamaa. Akiweka klonidini, zinatulia, kwa sababu yenyewe inapita mlango mwingine kabisa. Na klonidini ni dawa ya presha tu jamani! Wajerumani walioitengeneza miaka ya 1960 walikuwa wanatafuta dawa ya kuzibua pua, kwi kwi kwi. Mwaka huo huo wa 1978 Gold, Redmond na Kleber, nao wa Yale, wakaripoti kwamba imepunguza arosto kwa watu. Ndugu yake, lofeksidini, Marekani waliipitisha kwa kazi hiyo mwaka 2018. Msiniulize kwa nini miaka 40.

Lakini hiyo ni arosto. Je, ile ya kete moja kuwa tatu? Hapo mwaka 1991 Keith Trujillo na Huda Akil, Chuo Kikuu cha Michigan, waliwapa panya mofini pamoja na dawa inayoitwa MK-801, inayoziba mlango wa NMDA, ambao ubongo unautumia pia katika kujifunza. Maana kuzoea dawa nako ni kujifunza kwa aina yake. Panya waliopewa zote mbili hawakuizoea mofini kama wenzao, na arosto yao ilikuwa nafuu.

Tatizo, MK-801 yenyewe haifai kwa mtu. Tangu 1989 John Olney alishaonyesha kwamba inadhuru seli za ubongo wa panya. Basi wakageukia dekstromethofani, iliyomo kwenye dawa za kikohozi, nayo inaziba mlango ule ule. Ikachanganywa na mofini, wakapewa wagonjwa wenye maumivu sugu. Majaribio matatu makubwa, matokeo yakatoka 2005: hakuna tofauti. Mimi binafsi nilikasirika kama vile nimepewa sapu.

Halafu panya wa Michigan walipewa kinga pamoja na mofini, kabla hawajazoea. Nani mtaani anaanza unga na kinga mkononi?

Kilichonifanya nifunge kitabu ni hiki. Arosto ikiisha, kule kuzoea nako kunashuka, ila hamu inabaki. Klonidini haiigusi hamu. Mwili uliokuwa unabeba kete tatu, baada ya wiki kadhaa hauzibebi tena. Yule kaka mama yake alimfungia ndani siku kumi na mbili, akatoka amenawiri, anasalimia watu. Jioni alivuta kipimo chake cha zamani. Ilikuwa 2009. Mtaa mzima ulisema alirogwa, wengine wakasema kalipiziwa, na mama yake mpaka leo anaamini alikosea kumfungulia mlango.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011.

Jumamosi naenda nyumbani, nitapita kwake. Sijui nitaanzaje kumweleza habari za kidoa cha bluu. Kesho saa mbili asubuhi nina testi ya hiyo hiyo neva, ngoja nirudi kusoma.