Kulisha ndege wa porini

Kulisha ndege wa porini ni desturi ya kuwawekea ndege wasiofugwa chakula au maji karibu na makazi ya watu, ama kwa kuwasaidia wakati wa shida, ama kwa kutaka kuwatazama kwa karibu. Desturi hiyo imeenea hasa katika nchi zenye theluji za Ulaya na Amerika Kaskazini. Katika Afrika Mashariki ndege wengi hupata riziki karibu na watu bila kuwekewa chakula makusudi. Makala hii inalinganisha hali ya nchi za theluji na ile ya kaskazini mwa Tanzania, hasa kata ya Kakesio katika wilaya ya Ngorongoro na wilaya jirani ya Karatu.

Wakati wa njaa katika nchi za theluji

Kwa ndege wa nchi za baridi, wakati mgumu mara nyingi ni mwisho wa majira ya baridi, yaani Februari na Machi. Mbegu na matunda ya mwaka uliopita yamekwisha kuliwa, wadudu bado hawajatoka, na theluji hufunika kilichosalia ardhini. Ndege mdogo hawezi kubeba akiba kubwa ya mafuta mwilini. Kwa mfano, Poecile atricapillus wa Amerika Kaskazini ana uzito wa gramu 11 hivi. Katika usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili kupunguza matumizi ya nishati, na asubuhi ni lazima apate chakula mapema.

Utafiti uliofanywa huko Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1988 na Margaret Brittingham na Stanley Temple ulionyesha kwamba asilimia 69 ya ndege hao waliopata chakula cha watu walivuka majira ya baridi, ilhali kati ya wale wasiolishwa walivuka asilimia 37 tu. Tofauti ilionekana hasa katika miezi ya baridi kali. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha kwamba ndege waliozoea kulishwa hawakupoteza uwezo wa kujitafutia chakula walipoacha kuwekewa.

Vyakula vinavyotumika zaidi ni mbegu za alizeti, karanga na mafuta ya ng'ombe. Hutumika pia mbegu nyeusi nyembamba za Guizotia abyssinica, zao la mafuta lenye asili ya Ethiopia.

Wakati wa njaa katika Ngorongoro na Karatu

Kakesio iko kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Huko theluji haianguki. Mwaka hugawanywa na mvua. Kiangazi kirefu huanza Juni hadi Oktoba, mvua za vuli huja Novemba na Desemba, na masika huanza Machi hadi Mei.

Mtu angedhani kwamba walaji wa mbegu huumia zaidi katikati ya kiangazi. Lakini wakati huo mbegu za nyasi zilizodondoka bado zimo mavumbini. Shida kubwa huja mvua za kwanza zinaponyesha: mbegu zilizosalia huota zote kwa muda mfupi, na nyasi mpya bado hazijazaa. Ndiyo sababu kwelea kwelea (Quelea quelea) huhama mvua inapoanza, wakielekea mahali ambapo mvua ilitangulia na nyasi zimekwisha kutoa mbegu. Hivyo, kama ilivyo kwenye theluji, njaa hukaza pale majira mema yanapokaribia.

Walaji wa wadudu wana hesabu tofauti. Kwao mvua ni neema, maana kumbikumbi na viwavi hutokea kwa wingi. Korongo weupe na mbayuwayu wa Ulaya, ambao huondoka kwao kabla ya majira ya baridi, hufika Tanzania na kula wadudu hao.

Ndege wanaoonekana karibu na makazi

Katika maboma na vijiji, ndege hufuata shughuli za watu na mifugo. Yangeyange hutembea miguuni mwa ng'ombe wakidaka panzi wanaoruka. Njiwa na tetere huokota punje zilizomwagika, na shomoro hujenga mapaani. Kwezi mwenye tumbo la rangi ya chungwa na mstari mweupe kifuani (Lamprotornis superbus) huokota makombo bila woga. Eneo hili lina pia ndege ambao hawapatikani mahali pengi duniani, kama vile Histurgops ruficauda, jamii ya kwelea mwenye mkia mwekundu, na kasuku mdogo Agapornis fischeri, aliyekamatwa kwa wingi kwa ajili ya biashara katika miaka ya 1980.

Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wana uhusiano wa pekee na mlembe (Indicator indicator). Humwita kwa mluzi, naye huwaongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Chakula chake ni nta na mabuu. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulieleza kwamba mara nyingi Wahadzabe hufukia au huchoma masega yaliyobaki, ili ndege huyo abaki na njaa na kuendelea kuongoza.

Hasara na tahadhari

Kulisha ndege si jambo jema kila mahali. Ndege wengi wakikusanyika kwenye chombo kimoja huambukizana. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2005, ugonjwa unaosababishwa na vimelea vya Trichomonas umeua chiriku wa kijani wengi sana, na vyombo vichafu vya chakula na maji vilichangia kuueneza. Nchini Tanzania kuna hatari ya kideri, ambacho njiwa wanaweza kukileta kwa kuku. Kwa hiyo haifai ndege wa porini kula pamoja na kuku.

Wageni wa Ngorongoro huelekezwa wasiwalishe wanyama. Katika eneo la mapumziko la Ngoitokitok, ndani ya kreta, mwewe wamezoea kunyakua chakula mikononi mwa watu na wanaweza kujeruhi.

Tena nafaka ina thamani. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku tena mwaka 2009, hivyo mahindi ya mlo wa familia hununuliwa. Kwa wakulima wa ngano wa Karatu, kundi la kwelea kwelea ni maangamizi ya mazao.

Njia zinazofaa zaidi

Katika mazingira ya Kakesio, msaada ulio bora kwa kawaida si nafaka bali ni maji na miti. Sahani pana yenye maji ya kina kifupi, ikiwekwa kivulini na kusuguliwa kila siku, huvuta ndege wengi wakati wa kiangazi. Jiwe au kijiti kikiwekwa ndani ya birika la kunyweshea mifugo huwasaidia ndege waliotumbukia kutoka. Migunga na miti mingine ya asili ikiachwa hutoa viota, wadudu na matunda bila gharama.

Anayetaka kuwatazama anahitaji daftari na uvumilivu. Darubini husaidia lakini si lazima. Kila mwaka katikati ya Februari hufanyika kwa siku 4 hesabu ya ndege iitwayo Great Backyard Bird Count, iliyoanza Amerika Kaskazini mwaka 1998 na kufunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2013. Mshiriki huhesabu ndege kwa angalau dakika 15, popote alipo.