Mkalisho, si Uwekaji Mapozi

Istilahi ya "uwekaji mapozi" imeanza kuzoeleka katika maelekezo ya upigaji picha za mitindo, na walioipitisha wameridhika nayo kana kwamba neno la mtaani likipachikwa kiambishi u- basi limekuwa istilahi. Sikubaliani nao. Pozi lina maana yake na wasemaji wanaijua vizuri. Anayeambiwa "acha mapozi" hakuambiwa arekebishe bega. Ameambiwa aache kujisikia. Mtu wa mapozi ni mtu wa maringo. Neno hilo linamtwika anayepigwa picha kazi yote na kumwachia mpiga picha kubonyeza kitufe tu, na hapo ndipo picha nyingi za wanaoanza zinapoharibika: mpiga picha anasema "weka pozi", anangoja, na aliye mbele yake anakakamaa kwa kuwa hajui anaonekanaje. Kosa la istilahi limezaa kosa la ufundi. Ninachokitetea ni jozi ya maneno mawili: mkao, yaani jinsi mwili ulivyotulia katika picha, na mkalisho, yaani kazi ya mpiga picha ya kuufikisha mwili hapo.

Wanaoshikilia pozi husema lina asili ya heshima, limetoka Ulaya pamoja na kamera. Sawa, tuifuate asili hiyo hadi mwisho wake. Neno la Kifaransa lililolizaa linatokana na kitenzi cha Kilatini cha baadaye, pausare, chenye maana ya kutua, kusita, kupumzika; maana ya kuweka iliingia baadaye, lilipochanganywa na ponere. Hadi leo Wafaransa huita muda wa kuingiza mwanga katika kamera temps de pose, na sababu yake ni ya kihistoria: katika miaka iliyofuata 1839, picha za mwanzo zilihitaji mwanga wa muda mrefu, na studio zilimwegemeza mtu kichwa kwenye chuma ili asitikisike. Basi kiini cha neno ni kutulia mahali mwanga ukifanya kazi yake. Kiswahili kina kitenzi cha maana hiyo hasa, nacho ni kaa. Kitenzi hiki kilipoteza l yake ya katikati, kama ilivyotokea kwa maneno yetu mengi. L hiyo ingali hai katika kukala la Kigiriama, inasikika kama r katika gũikara la Kikuyu na kwicara la Kinyarwanda, na hujitokeza tena kwetu wenyewe tunaponyambua: kalia, kalisha. Mkalisho umeundwa kwa njia ileile iliyotupa mrejesho kutokana na rejesha na msisitizo kutokana na sisitiza, maneno ambayo leo hakuna anayeyashangaa.

Lakini hoja yangu kubwa haimo katika Kilatini wala katika Kigiriama. Imo kwa fundi cherehani. Mteja akijaribu gauni likampendeza, husemwa "limekukaa". Kitenzi hikihiki kinautaja mwili na kinaitaja nguo, na picha ya mitindo haina kazi nyingine ila kuvikutanisha viwili hivyo: mwili ukae ili nguo ikae. Pozi haliwezi kusema hivyo hata likivishwa viambishi vyote vya sarufi. Nashangaa kwamba watu waliokabidhiwa kazi ya kuunda istilahi walikuwa na hazina hii mdomoni wakaenda kukopa.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kukaa ni kuketi, ilhali wanamitindo wengi hupigwa picha wakiwa wamesimama. Anayesema hivi amelisahau kaa chonjo, amelisahau kaa tayari, amelisahau mkao wa kula, ambao hauhitaji kiti. Wengine, kwa kuogopa kiti, wamependekeza msimamo. Hao wamekimbilia neno ambalo gazeti lolote hulitumia kwa maoni ya chama au ya serikali, na ambalo halimfai mwanamitindo aliyeegemea ukuta au kuketi ngazini. Lipo pingamizi zito kuliko hayo, kwamba pozi limekwisha kuenea na lugha ni ya watu. Nalipokea kwa nusu. Pozi libaki kwa lile analolifanya mtu mwenyewe ili aonekane. Kazi ya fundi ipewe jina lake. Kazi hiyo si ngeni kwetu: Capital Art Studio ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na studio ya Parekh ilifunguliwa Mombasa mwaka 1942, na picha za Parekh zinaonyesha wazi mkono wa mpiga picha katika mgeuko wa shingo na katika taa iliyochagua upande wa uso.

Matumizi ya mkalisho ni mepesi. Mkalishe uzito kwenye mguu wa nyuma, mgeuze mwili kidogo, mkono uachane na kiuno ili mshono uonekane, kidevu kitangulie mbele kisha kishuke kidogo. Fremu isimkate kwenye goti, kiwiko wala kifundo. Mwenye simu arudi nyuma hatua mbili tatu, kwani lenzi pana ikisogezwa karibu hukuza pua. Mkalisho wa mwanga nao una kanuni zake: jua la saa sita mchana katika nchi zetu hushuka kutoka utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo, kwa hiyo mkalishe barazani, kivulini, uso ukielekea uwazi, na shuka jeupe litandazwe upande wa pili kurudisha nuru kwenye shavu lililo gizani.