Mieleka Kabla ya Ujamaa: Mchezo katika Uchongaji wa Kimakonde

Wahakiki wetu wana ugonjwa mmoja. Wakikutana na kazi ya sanaa, jambo la kwanza ni kuuliza ujumbe: dhima yake nini, inaikomboa jamii kwa namna gani? Si maswali mabaya, na mitihani mingi nimeifaulu kwa kuyajibu. Ila ukiyapeleka kwetu Mtwara, kwa wachongaji wa Kimakonde, yanakwama.

Hebu tuchukue kinyago kinachojulikana kuliko vyote, kile cha "ujamaa": gogo moja la mpingo, watu wamepandana tangu chini hadi juu, kila mmoja amemshika mwenzake. Utaambiwa hilo ni Azimio la Arusha la 1967 kwenye mti. Wapi bwana! Mtindo huo ulitangulia Azimio. Anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde wa Msumbiji aliyehamia Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na jina lake la awali ni dimongo, yaani nguvu. Kilichochongwa ni mshindi wa mieleka akibebwa na wenziwe. Siasa ilikuja baadaye, ikakuta watu wamekwisha kubebana, ikawapa jina. Sisemi jina hilo ni la uongo. Nasema maana ilikuwapo tangu uwanjani, na haikungoja azimio.

Wako wanaodai kwamba tatizo ni soko. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, wakafanya vibarua katika mashamba ya mkonge huku kwetu kusini na hata Tanga. Wengine wakafika Dar es Salaam na tezo zao. Huko, miaka ya 1950, Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani, viumbe vya viungo vilivyopotoka, na mfanyabiashara Mohamed Peera akawa mnunuzi wake. Basi, wanasema, mila ikafa, vikabaki vya watalii. Hoja hii ina uzito, kwani mwenye njaa huchonga kinachonunuliwa. Lakini inadhania kwamba mila yenyewe ilikuwa jambo la kununa.

Haikuwa hivyo. Vijana wanapotoka jandoni, midimu hutoka pia (ng'ambo ya Ruvuma husema mapiko). Barakoa yake si ya mpingo. Ni ya mti mwepesi, maana mtu atacheza nayo. Mchezaji mwanamume huweza kuvaa kifua na tumbo la mti, lenye kitovu na chale, akawa binti mjamzito anayejikongoja huku hadhira imevunjika mbavu. Wasiopita jandoni huambiwa huyo ni mzimu. Siku kijana anapoonyeshwa kwamba ndani mna mtu, na pengine ni mtu anayemjua, hapo ndipo anapokuwa mkubwa. Fundi ametumia siku nyingi, tezo na patasi mkononi, ili mtoto atishike na mama yake acheke. Mnataka dhima gani tena?

Kiswahili chenyewe kinalijua hilo. Ngoma tunaicheza, bao tunalicheza, midimu huchezwa, kwa kitenzi kilekile. Sisi darasani ndio tuliopanga sanaa upande wa kazi na mchezo upande wa upuuzi, kisha tukamtaka mchongaji ajieleze.

Kwa hiyo ninapotazama mashetani sioni mila iliyokufa. Naona mchezo wa midimu ulioingia katika mpingo: bado wanatisha, bado wanachekesha. Mtazameni George Lilanga, mzaliwa wa Masasi aliyefariki 2005. Aliingia Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam kama mlinzi, akawahamisha mashetani kutoka kwenye mti hadi kwenye rangi. Wana masikio makubwa, matumbo mbele, vidole viwili viwili, wanapiga soga, wanabishana. Picha hizo zimetundikwa Ulaya na Marekani, na wataalamu wameziandikia kurasa nyingi nzito. Mashetani wenyewe wanaendelea kucheka.