Ghala la Toldbodgade

Kwa Watanzania wa rika la wazazi wangu, Denmark ilikuwa Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordic, Denmark ikiwa mojawapo, zilianza kuijengea Tanganyika changa kituo pale, chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya kilimo, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa serikali. Heshima waliyoipata kwa kazi ile ni haki yao. Tatizo ni kwamba imetufanya wepesi wa kupokea kila sifa wanayopewa Wadenmark bila kuuliza. Julai iliyopita, nikitembea peke yangu mjini Copenhagen, nilimsikia mwongoza watalii akiliambia kundi lake, karibu na kasri la Amalienborg, kwamba nchi yake ilitangulia Ulaya nzima kupiga marufuku biashara ya watumwa. Watu wakatikisa vichwa, wakapiga picha, wakaendelea na njia yao kuitafuta sanamu ya nguva. Maelezo yale ni nusu ya kweli. Nusu ya pili imejengwa kwa matofali, na kundi lile lilikuwa linakaribia kuipita.

Historia ya mji wenyewe inajulikana. Askofu Absalon alipewa kijiji cha wavuvi na wachuuzi katika karne ya 12, akajenga ngome, bandari ikakua, wafalme wakahamia. Vitabu vyote vya wageni vinasimulia hayo. Majira ya joto mji huu unapendeza kweli: jua halizami mpaka karibu saa nne usiku, vijana wanajitosa kwenye maji safi ya bandari pale Islands Brygge, na mtu aliye peke yake anaweza kutembea gatini hadi miguu ichoke, hana wa kumharakisha wala wa kumsubiri. Kila kitu ni ghali, ila kutembea ni bure.

Ukifuata gati kutoka Amalienborg kwenda kaskazini, kabla hujamfikia nguva wa shaba aliyewekwa mwaka 1913, unakutana na jengo refu la matofali lenye madirisha madogo madogo yaliyopangwa kwa safu. Hilo ndilo Vestindisk Pakhus, ghala la bidhaa za Karibea, lililoko Toldbodgade 40. Lilijengwa mwaka 1780 na 1781, mchoro ukiwa wa Caspar Frederik Harsdorff, msanifu aliyefanya kazi kwa wafalme. Humu ndimo ilimoshushwa mizigo ya makoloni ya Denmark ya St. Croix, St. Thomas na St. John: sukari, pombe ya miwa, kahawa. Mbele yake leo amesimama Daudi wa Michelangelo, nakala ya shaba, uchi na kombeo begani. Ndani mmewekwa mkusanyiko wa kifalme wa sanamu za plasta, zaidi ya 2,000, zikiwemo nakala za miungu ya Ugiriki na Roma. Katika ghala lililojengwa kwa jasho la Waafrika pamejazwa miili myeupe ya plasta. Sidhani aliyeamua hivyo alikuwa na nia mbaya. Ila kwa macho yangu hakuna namna kamili zaidi ya kuifunika historia ya jengo.

Atakayetaka kulielewa ghala hili aanze na ukoo wa Schimmelmann. Heinrich Carl Schimmelmann alikuwa mfanyabiashara Mjerumani aliyetajirika kwa kuyahudumia majeshi ya Prussia vitani, kisha akawa mshika hazina wa mfalme wa Denmark. Mwaka 1763 alinunua kutoka kwa serikali mashamba ya miwa ya Karibea pamoja na kiwanda cha kusafishia sukari mjini Copenhagen. Baadaye akawa na kiwanda cha bunduki huko Hellebæk, karibu na Helsingør. Bunduki, vitambaa na pombe vilipelekwa Pwani ya Dhahabu, ambako Denmark ilikuwa na ngome ya Christiansborg, ile iliyopo Accra hadi leo. Vikabadilishwa kwa watu. Watu wakavushwa bahari hadi mashambani. Sukari ikarudi kiwandani. Kila hatua ya mzunguko ule familia moja ilivuna. Jumba lao la Bredgade bado lipo, linaitwa Odd Fellow Palæet, na ni mwendo mfupi tu kutoka ghalani.

Mwanawe, Ernst Schimmelmann, ndiye anayetajwa kama shujaa wa amri ya tarehe 16 Machi 1792. Alikuwa waziri wa fedha, msomi, mfadhili wa mshairi Schiller, na hapo hapo mmiliki wa watumwa. Amri iliyotokana na tume yake ilipiga marufuku biashara ya watumwa kuanzia mwaka 1803, si kabla ya hapo. Ile miaka kumi ya katikati haikuwa ya kusitasita. Serikali iliwakopesha wenye mashamba fedha za kununua watu wengi zaidi, ikahimiza waletwe wanawake, ili watumwa wazaane hapo hapo visiwani na meli za Afrika zisihitajike tena. Utumwa wenyewe haukuguswa. Wanaoisifu amri hii kama tendo la huruma wasome masharti yake. Ilikuwa hesabu ya mwenye mali anayejua kwamba meli zinapata hasara na kwamba Uingereza iko njiani kuifunga biashara hiyo.

Kipimo cha huruma ile ni kijana mmoja. Hans Jonatan alizaliwa St. Croix mwaka 1784, mama yake akiwa Emilia Regina, mtumwa wa nyumbani kwa ukoo huo huo wa Schimmelmann. Aliletwa Copenhagen akiwa bado mdogo. Mwaka 1801 Waingereza walipoushambulia mji, alikuwa katika jeshi la majini, akapigana upande wa Denmark. Vita vilipokwisha, mjane wa Jenerali Schimmelmann, mmoja wa ukoo huo, alimtaka arudi chini ya mamlaka yake, amrejeshe Karibea. Kijana akakataa, na kesi ikafika mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: utumwa uko makoloni, yeye yuko Denmark. Hakimu Anders Sandøe Ørsted, ambaye baadaye akawa waziri mkuu, aliamua mwaka 1802 kwamba kijana huyo bado ni mali ya mjane. Miaka kumi kamili baada ya amri inayosifiwa!

Hakurudi Karibea. Alitoroka hadi Djúpivogur, mashariki mwa Iceland, akafanya kazi ya biashara, akaoa, akapata watoto, akafariki mwaka 1827 akiwa mtu huru. Mwaka 2018 wanasayansi wa Iceland walitumia vinasaba vya wazao wake 182 kuunganisha upya sehemu ya urithi alioupata kwa mama yake, na wakaifuata asili ya mama huyo hadi eneo la Benin, Nigeria na Cameroon.

Mwandishi Thorkild Hansen alipoandika vitabu vyake vitatu kuhusu utumwa wa Denmark, kati ya mwaka 1967 na 1970, aliwaamsha wasomaji wa nchi yake, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini wenye sauti katika simulizi yake ni magavana, makasisi na manahodha. Kwa sehemu kubwa Waafrika wanapita kama mzigo, bila majina, ilhali kesi ya Hans Jonatan inaonyesha kwamba majina yalikuwapo.

Yaliyofuata ni mengi, niyapitie haraka. Uhuru wa watumwa wa visiwani, wa tarehe 3 Julai 1848, huandikwa kama zawadi ya Gavana Peter von Scholten, wakati ukweli ni kwamba maelfu ya watumwa walikuwa wamejaa mjini Frederiksted wakiudai. Mikataba ya kazi iliyofuata iliwafunga mashambani mwaka hadi mwaka, ndipo Oktoba 1878 St. Croix ikawaka moto. Mary Thomas, aliyeitwa Malkia Mary, mmoja wa wanawake walioongoza uasi ule, aliletwa kufungwa Christianshavn, ng'ambo ya maji. Mwaka 1917 Marekani ikavinunua visiwa kwa dola milioni 25. Wadenmark walikuwa wameipigia kura biashara hiyo; wakazi wa visiwa hawakushirikishwa katika kura hiyo.

Machi 2018 wasanii Jeannette Ehlers na La Vaughn Belle walimrudisha Mary mbele ya ghala: sanamu yenye kimo cha mita saba hivi, ameketi kitini, mkono mmoja mwenge, mwingine kisu cha kukatia miwa, juu ya msingi wenye mawe ya matumbawe kutoka St. Croix. Haikuwa ya shaba. Ilitengenezwa kwa kitu chepesi, na mwishoni mwa mwaka 2020 dhoruba ikaiharibu, ikaondolewa.

Msomaji utakayejaliwa kufika Copenhagen, usiishie kwa nguva. Simama Toldbodgade 40, kisha nenda Bredgade ulione jumba la Schimmelmann, na mwongozaji akikuambia habari za mwaka 1792, muulize habari za Hans Jonatan. Na kwa wenye mji: Malkia Mary anastahili shaba ya kudumu, mbele ya ghala lile lile.