Kutoka chumba cha habari hadi ndani ya Google: habari za Danny Sullivan

Kuna kazi ambazo mtu huzeeka nazo. Fundi cherehani, mwalimu, hata sisi waandishi. Halafu kuna hii ya kuifanya tovuti ionekane juu pale watu wanapotafuta kitu kwenye Google, ambayo wenyewe wanaiita SEO. Hiyo hata kuzoeleka haizoeleki. Unajifunza mbinu leo, mwakani Google wanabadilisha kanuni, mbinu yako inakufa na mteja wako anakimbia. Sasa inakuwaje mtu adumu humo karibu miaka 30?

Aliyeweza yupo. Anaitwa Danny Sullivan, Mmarekani wa California, na kilichonivuta kwake ni kwamba hakutokea kwenye kompyuta. Alitokea gazetini, Los Angeles Times, kisha Orange County Register.

Katikati ya miaka ya 1990 aliacha gazeti akaungana na rafiki yake aliyekuwa na kampuni ya kutengeneza tovuti. Tukumbuke mtandao wa wakati huo ulivyokuwa. Yahoo, iliyoanza mwaka 1994, ilikuwa orodha ya tovuti iliyopangwa na binadamu kwa mikono yao. AltaVista ilifunguliwa Desemba 1995. Google haikuwepo. Siku moja mteja akalalamika: watu wakitafuta habari za Orange County, mbona tovuti yangu haionekani?

Swali dogo, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Wenye injini za kutafuta hawakuwa na haja ya kueleza mitambo yao inavyochagua. Sullivan akafanya kile ambacho mwandishi yeyote angefanya ofisa akikataa kuzungumza: akaenda kuangalia mwenyewe. Akawa anapeleka kurasa kwenye injini mbalimbali, anahesabu zinachukua muda gani kuingizwa, anafuatilia kipi kinatokea juu na kipi kinapotea. Aprili 1996 akayaweka matokeo mtandaoni, bure, kama mwongozo kwa wenye tovuti. Mwaka 1997 mwongozo huo ulikua ukawa Search Engine Watch, na mwaka huohuo kampuni ya Mecklermedia ikainunua, naye akabaki kuwa mhariri wake. Sehemu kubwa ya kazi iliyofuata aliifanya akiishi kijijini Uingereza, mbali kabisa na mabwana wa Silicon Valley aliokuwa akiwaandika.

Wakati yeye anaandika, wenzake wengi walikuwa wanapiga debe. Sina neno bora zaidi. Umewahi kusimama stendi ya daladala ukavutwa mkono na watu watatu, kila mmoja anataja unakokwenda, kumbe gari la mmoja wao haliendi huko? Ndivyo ilivyokuwa. Mtu anaandika neno lilelile mara mia chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, wewe huoni lakini mtambo unasoma. Google ilipoanzishwa mwaka 1998 ikatumia njia nyingine: tovuti inayounganishwa na nyingi nyingine, hasa zile zenye uzito, ndiyo yenye heshima. Wapiga debe hawakukata tamaa, wakaanza kuuziana viungo.

Novemba 2003, sikukuu za Krismasi zikikaribia, Google ikafanya mabadiliko yaliyobatizwa jina la Florida, na maduka mengi ya mtandaoni yakatoweka kwenye kurasa za mwanzo wakati uleule wa mavuno. Februari 2006 hata tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda kwa sababu ya kurasa za ujanja. Mwaka 2011 ikaja Panda kuzipiga tovuti zilizojaa maandishi ya kujaza nafasi tu, na mwaka 2012 ikaja Penguin kuwashukia wenye viungo vya kununua. Kila pigo liliwafuta watu ambao utajiri wao ulikuwa mbinu moja. Sullivan pigo halikumgusa, kwa sababu yeye hakuuza mbinu. Pigo lilikuwa habari, na asubuhi iliyofuata kila mtu alitaka kujua kimetokea nini.

Huo nadhani ndio ufunguo wa maisha yake marefu kazini, ingawa inabidi kuongeza kwamba hakuwa malaika asiyejali biashara. Mwaka 1999 alianzisha mikutano ya Search Engine Strategies, wa kwanza ukiwa San Francisco, ambako watu walilipa kiingilio kusikiliza mambo haya. Search Engine Watch ikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Mwishoni mwa 2006 akaondoka, akaanza upya na Search Engine Land pamoja na wenzake. Miaka kumi ya jina lako unaiacha kwa mwingine, unafungua ukurasa mtupu! Ajabu ni kwamba wasomaji walimfuata.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Februari 2011. Google walikuwa wanaishuku Bing, injini ya Microsoft, kwamba inanakili matokeo yao. Wakatega mtego. Walitunga maneno yapatayo 100 yasiyo na maana yoyote, mfano hiybbprqag, wakayapachika matokeo ya kubuni, halafu wahandisi wao wapatao 20 wakayatafuta kwa kutumia programu ya Microsoft ya kuperuzi. Baada ya wiki chache baadhi ya matokeo hayo ya uongo yakajitokeza Bing. Hawakupeleka habari hiyo kwa gazeti kubwa la New York. Walimpelekea Sullivan.

Ukiwa mwandishi unajua kwamba chanzo hakikuletei habari bure. Siku ileile ilipotoka, wakubwa wa Google na Bing walikuwa wanakutana jukwaa moja San Francisco. Lakini siku mbili baadaye Sullivan alichapisha utetezi wa Microsoft kwa urefu: kwamba walikuwa wanajifunza kutokana na mienendo ya watumiaji waliokubali kufuatiliwa, na kwamba Google ilikuwa kiashiria kimoja kati ya zaidi ya 1,000. Angeweza kuridhika na kishindo cha siku ya kwanza. Mwaka 2012 tena aliiandikia barua ya wazi Tume ya Biashara ya Marekani, akiikumbusha kwamba tangu mwaka 2002 ilizitaka injini za kutafuta zitenganishe wazi matangazo ya kulipia na matokeo ya kawaida, na kwamba hazitii. Google yenyewe ilikuwa miongoni mwa alizozilalamikia.

Halafu 2017. Juni alitangaza kupumzika uandishi. Oktoba akaajiriwa na Google, kazi yake kuwa daraja kati ya kampuni na umma.

Hapa ndipo mimi na Sullivan tunapotofautiana kidogo. Najua hoja: nani mwingine angeweza kuwaeleza wahandisi kilio cha wenye tovuti? Ni kweli. Lakini refa aliyechezesha kwa miaka 20 akivaa jezi ya timu moja, hata awe mwaminifu vipi, uwanja umebaki bila refa yule. Hakuna aliyemlazimisha, na wala hakuficha. Hasara ni ya sisi wasomaji.

Bei ya jezi ilionekana baadaye. Kuanzia Septemba 2023, mabadiliko ya Google yaliyokusudiwa kusaidia maandishi yenye manufaa yaliangusha tovuti nyingi ndogo za watu binafsi: wapishi, wasafiri, wapenzi wa michezo ya video. Watu waliokuwa wanaishi kwa blogu zao wakabaki na wasomaji wachache. Aliyepokea hasira zao kila siku ni Sullivan. Oktoba 2024 wamiliki wapatao 20 walialikwa makao makuu ya Google, naye alikuwa miongoni mwa waliowapokea. Walisikilizwa, wakaombwa radhi, lakini ahadi kwamba wasomaji wao watarudi hawakupewa. Na kufikia hapo Google tayari ilikuwa imeanza, tangu Mei mwaka huo, kuweka majibu ya akili bandia juu kabisa ya matokeo nchini Marekani, kiasi kwamba msomaji anaweza kupata jibu bila kugusa tovuti ya mtu.

Nawaza yule mteja wa Orange County. Mwaka 1995 aliuliza mbona haonekani, akapata mwandishi asiye na mwajiri ndani ya injini yoyote, akamtafutia jibu kwa miezi. Wale 20 waliuliza swali lilelile, kwa mtu yuleyule.

Katikati ya mwaka 2025 Sullivan aliachia wadhifa huo. Google hakuondoka, alihamia majukumu mengine humohumo ndani. Search Engine Land inaendelea kuchapishwa bila yeye.